Jina la Baba Yake Asia

Rusimbi, Ujiji
14 Novemba 1997

Mwanangu Asia,

Kabla sijaandika neno nimesujudu, maana jana ndiyo nimejua uko wapi. Siku kumi na saba nilikuwa sijui. Mtu akifiwa anajua hata kaburi liko upande gani. Mimi nina mtoto mzima na sijui kalala wapi. Aliyeniletea habari ni huyu mama Leonia, Muha wa Kasulu, anayechukua mawese kwangu na kwenda kuyauza kwenye soko la kambini. Alifika na dumu kichwani, hata hajalitua, akasema, "Mama Asia, mwanao nimemwona. Kavaa sketi ya shule." Nikakaa chini pale pale, juu ya dagaa nilizoanika.

Bado nawaona wale mgambo mlangoni asubuhi ile, na karatasi yao. "Asia Bonaventura Ndikumana, Mrundi, miaka kumi na minne." Nikawaambia huyu ni mwanangu. Mwenye karatasi akaniuliza, "Kwani wewe ni Mrundi?" Nikamwambia mimi ni Mmanyema, mzaliwa wa hapa Ujiji, baba yangu Gharib kazikwa hapo nyuma. Akasema, "Basi si mwanao. Wakimbizi wote ni kambini, ndiyo amri." Nilishika mkono wako mmoja, wao wakashika mwingine. Niliuachia mimi, mwanangu, kwa sababu ulipiga kelele kwamba unaumia. Kila nikikumbuka kwamba niliyeachia ni mimi, chakula hakipiti.

Umemtuma Leonia aniulize nani kakutaja. Hayo tuyaache kwanza, Mungu anayajua. La muhimu ni wewe kuwa hai.

Nimempa Leonia kanga yangu ile ya bluu, madaftari mawili, kalamu mbili, dagaa zilizokaangwa na juzuu yako. Sala usiache. Majibu ya mtihani wa darasa la saba hayajatoka. Mwalimu Thobias anasema ni mwezi ujao, na jinsi alivyotabasamu naona ana lake moyoni.

Mama yako,
Mwasiti binti Gharib


Kambini, Kasulu
30 Novemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Dagaa zimefika nusu, Leonia anasema nusu nyingine kala yeye njiani, na amecheka sana aliposema. Kanga naivaa, haijaisha harufu ya nyumbani.

Nakaa na bibi mmoja na wajukuu zake wanne, kwenye kibanda cha udongo kilichoezekwa shitingi, yaani turubai la plastiki. Mvua ikinyesha hatusikilizani. Bibi ni mwema, ananiita "wa Ujiji". Kirundi nakisikia nusu kwa sababu kinafanana na Kiha cha wanawake wa sokoni kwetu, ila kujibu siwezi.

Mama, kuna shule. Nilifurahi nikaifua sketi. Mwalimu akaniuliza jambo kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kiswahili, darasa lote likacheka. Akaniuliza kwa Kifaransa, nikanyamaza. Basi wameniweka darasa la tano! Nakaa benchi moja na watoto wa miaka kumi, magoti yangu hayaingii chini ya meza. Mimi niliyefanya mtihani wa la saba! Nilimfuata mkuu wa shule nikamwambia nataka kuendelea mbele. Akasema, "Masomo haya ni ya nchi yenu, yatakufaa mkirudi kwenu." Nikamwambia kwetu ni Rusimbi. Akacheka na yeye. Hapa kila nikisema kweli watu wanacheka.

Kutwa nzima naambiwa niseme "zhe swi", maana yake "mimi ni". Mimi ni nani, hawajanifundisha.

Nina rafiki mmoja, Marcelina. Naye alikamatwa Ilagala, naye alifanya mtihani wa la saba, naye yuko la tano. Darasani tuko kumi na moja namna hii, wasichana wakubwa, tunakaa nyuma kama ng'ombe waliochanganywa na mbuzi.

Mama, mimi namjua aliyenitaja. Ni Mama Zuleha wa nyumba ya pili. Unakumbuka mbuzi wake alipokula daftari langu la Hisabati, nikamtupia jiwe? Alisema, "Mrundi wewe, ipo siku utarudi kwenu." Mwambie siku imefika. Na mwambie sitamsamehe hata nikizeeka. Tafadhali usimsalimie, usimpe hata chumvi.

Mwanao,
Asia


Rusimbi
19 Desemba 1997

Mwanangu Asia,

Umefaulu.

Acha niandike tena nilione mwenyewe: umefaulu, umechaguliwa kwenda sekondari. Wewe ni wa pili shule nzima na wa kwanza kwa wasichana. Orodha ilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa ofisi ya Mwalimu Thobias. Nilikwenda mbio na mikono ina mawese. Nikatafuta jina lako kwa kidole, nikalipata, nikataka kupiga kigelegele, ndipo nikaona. Juu ya jina kumepitishwa mstari wa wino mwekundu. Umenyooka vizuri, umepigwa kwa rula. Kwa rula, mwanangu! Mtu alikaa kwenye kiti, akaona jina la mtoto aliyefaulu, akanyoosha mkono kutafuta rula.

Mwalimu Thobias alikuwa amesimama ndani hataki kunitazama. "Mama Asia, mimi nililipeleka zima. Limerudi hivyo."

Nikaenda ofisi ya elimu. Nimekaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya tatu nikaingizwa kwa bwana mmoja mwenye tai.

Akasema, "Mama, huyu ni mkimbizi. Nafasi za sekondari ni za raia."

Nikamuuliza, "Kakimbia nini?"

"Vita ya kwao."

"Vita gani? Kazaliwa hapo Ilagala, kwenye zahanati, siku ya gulio. Alikimbia kutoka wapi, kutoka tumboni mwa mama yake?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka, yeye akakasirika. "Uraia unafuata baba. Baba yake ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemnyonyesha. Mama yake alikufa siku ya tatu, mimi nilikuwa nimezika kitoto changu wiki ile ile, kifua kimejaa. Kanyonya kwangu miaka miwili. Kwa dini yangu huyu ni mwanangu, hata na mtoto wangu wa kumzaa hawezi kuoana."

"Mama, maziwa hayatoi uraia."

"Na yaliyokukuza wewe yalikuwa na muhuri?"

Nikaambiwa nitoke. Ila kabla sijatoka nikaona nyuma yake ukutani pamebandikwa karatasi kubwa ina picha ya mtoto anacheka, imeandikwa kwamba elimu ni haki ya kila mtoto. Nikamwonyesha. "Mwanangu, soma hapo nyuma yako." Hakugeuka. Alisema, "Hilo ni la Umoja wa Mataifa." Kama vile Umoja wa Mataifa ndio uliokuja kupigilia misumari.

Nimerudi nyumbani nikasali rakaa mbili, na hata kwenye sujudu nilikuwa nimekunja ngumi. Mungu anisamehe.

Mwalimu Thobias alikuja jioni. Anasema njia ipo. Niende mahakama ya mwanzo, niape mbele ya hakimu kwamba wewe ni mtoto wangu wa kukuzaa, baba yako ni marehemu mume wangu Haruna, na lile jina la Bonaventura liliandikwa kwa makosa. Mashahidi wawili wanatosha. Nikipata hati hiyo yeye atakwenda nayo mwenyewe, na nafasi yako itarudi, mradi uripoti shuleni kabla ya tarehe ishirini na sita Januari. Ikipita tarehe hiyo wanampa mwingine.

Nimemwambia nitafikiri. Kwanza natafuta njia ya haki. Ipo. Lazima iwepo.

Mama yako,
Mwasiti


Kambini
29 Desemba 1997

Mama,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nililia kwa furaha, ya pili nikalia kwa ule mstari. Ya tatu na ya nne nilikuwa natafuta mahali ulipoandika kwamba umekwenda kuapa, sikupaona.

Unafikiri nini, mama? Kwani mimi ni mtoto wa nani? Baba Haruna ndiye aliyenifundisha kuogelea, ndiye aliyeninunulia viatu, nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Kuna uongo gani hapo? Neno moja tu mbele ya hakimu.

Huku hakuna mtu ananiuliza kama nimefaulu. Leo tumefundishwa kuhesabu mpaka mia kwa Kifaransa. Kuhesabu mpaka mia, mama! Marcelina ameanza kusema hatakuja tena shule, kuna mwanamume wa kijiji cha pili anamtaka.

Au unamwogopa Mama Zuleha, kwamba atakuchongea tena? Kama ni yeye anayekuzuia, nitamlaani kwenye sala. Najua ni vibaya. Nitamlaani.

Apa, mama. Siku zinakwisha.

Asia


Rusimbi
4 Januari 1998

Mwanangu Asia,

Usimlaani Zuleha. Ukimlaani asiye na kosa, laana inarudi kwako, nami sitaki upate hata mafua kwa ajili yangu.

Barua hii nimeianza mara tatu. Tuko mwanzoni mwa mwezi mtukufu, nimefunga, na mtu aliyefunga hana pa kujificha. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Aliyekutaja ni mimi.

Si juzi, na si kwa mgambo. Nilikutaja mwaka wa tisini na moja, siku niliyokupeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Ulikuwa na miaka saba, umesukwa, umeshika kidole cha Baba Haruna. Mwalimu Thobias alikuwa na lile daftari kubwa la shule. Akauliza jina la mtoto, tukasema Asia. Akauliza jina la baba. Haruna akasema, "Andika Haruna." Hivyo tu, hata hakufikiri. Mimi nikasema, "Hapana."

Unajua imani yangu. Mungu amekataza mtoto wa kulea kuitwa kwa jina la asiyemzaa. Ni dhuluma kwa baba yake na ni dhuluma kwa mtoto. Na baba yako Bonaventura hakukutupa. Alipomzika Agnesi, mama yako, alikuleta kwangu umefungwa kwenye shati lake, akasema, "Wewe ndiye unayemlisha, wewe ndiye umpe jina." Nikakupa jina Asia. Alikaa Ilagala mpaka ukatambaa, ndipo akavuka mpaka kwenda kwao kumtafuta mama yake mzazi, asirudi. Mtu wa namna hiyo nimnyang'anye hata jina? Nikamwambia Mwalimu, "Andika Bonaventura Ndikumana." Kulikuwa na safu ya kabila. Mwalimu akanyanyua kalamu akasema polepole, "Mama Asia, hapa hata ukisema Mmanyema mimi naandika." Alinipa nafasi, mwanangu. Mkristo yule alinipa nafasi, nami nikaona ananijaribu imani. Nikasema, "Andika Mrundi. Sisi hatusemi uongo mbele ya mtoto."

Haruna hakunikemea. Njiani aliniambia neno moja: "Mwasiti, Mungu anamjua baba yake bila daftari." Nikamwona mtu asiye na elimu ya dini.

Mwezi wa kumi, amri ilipokuja, walichukua madaftari ya shule. Wakasoma ile safu. Basi. Hakukuhitajika mchongezi.

Na sasa nikueleze kuhusu Zuleha. Yule kijana wake Rajabu unayemwita kaka ni Mrundi kama wewe, Zuleha alimwokota Kagunga. Zuleha alimwandikisha kwa jina la mumewe, kabila Mmanyema, na hajawahi kulala macho kwa ajili hiyo. Rajabu yuko nyumbani, anakula wali. Hii mitaa yetu, kama kila mtu angesema kweli, nusu ya madarasa yangebaki matupu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mwema. Na Zuleha unayetaka kumlaani ndiye anayeniletea futari tangu mwezi uandame, maana mimi jiko siwashi. Wewe uliponiuliza nani kakutaja, uongo sikusema, nilinyamaza. Nikamwacha jirani yangu abebe. Ndivyo tunavyofanya sisi tusiosema uongo.

Sasa unaelewa kwa nini kiapo kinanishinda. Kuweka mkono juu ya Msahafu, katika mwezi huu, na kusema jambo ambalo Mungu alikuwepo akiona si hivyo! Nimekwenda kwa Shehe Iddi kutafuta ruhusa. Akasema, "Kiapo cha uongo hakina mlango wa nyuma, binti Gharib." Nimekwenda kwa wanasheria wa dini ya wenzetu pale misheni, wameandika barua nzuri, imegongwa muhuri wa kupokelewa, imelala. Nimerudi kwa mwenye tai. Nimekwenda mpaka kwa mkubwa wake. Wote nimewaambia kweli tupu, na kila nikimaliza kusema kweli wanaifungua faili na kuniambia, "Sasa hapo, mama, ndipo ulipoharibu."

Nikiapa, nimemwasi Mungu. Nisipoapa, nimekuangamiza wewe. Nipe neno lako.

Mama yako, kama bado unaniita hivyo,
Mwasiti


Kambini
13 Januari 1998

Mama Mwasiti,

Nilipokuwa na miaka saba ulisema kweli bila kuniuliza. Sasa uongo ndio unaniuliza.

Neno langu ni hili. Mungu ni mwingi wa kusamehe, wewe ndiye uliyenifundisha. Mimi si Mungu.

Apa.

Asia Bonaventura Ndikumana


Rusimbi
21 Januari 1998

Asia,

Nimeapa jana.

Nakueleza yote ili siku ukiulizwa usikosee. Mashahidi wangu walikuwa Zuleha na Mwalimu Thobias. Zuleha alijifunga kanga mpya kama anakwenda harusini. Njiani kote ananikejeli: "Miaka yote umetuhubiria, Mwasiti. Leo njoo ukae benchi la waongo, tumekuwekea nafasi." Nikacheka, mwanangu. Siku hiyo, ndani ya mfungo, nilicheka mpaka nikasimama kushika ukuta. Kisha nikamwambia ulivyomdhania, na kwamba mimi nilikuacha umdhanie. Akaikaza ile kanga mpya kiunoni. Akasema, "Mbuzi yule nilimchinja. Alikuwa na tabia mbaya."

Hakimu ni mtu mzima, ana kikohozi. Akaniuliza dini, karani akaniletea Msahafu. Nikaweka mkono. Mkono wangu una makovu ya mawese ya moto, unaujua, lakini sijawahi kuungua vile.

"Mtoto Asia ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni wangu."

"Wako wa kumzaa?"

Nilidhani ataridhika na lile la kwanza. Hakuridhika. Nikaangalia dirishani. Nilimwona baba yako na shati lake, kama hivi ninavyoiona karatasi. Nikasema, "Wa kumzaa. Baba yake ni Haruna." Hakimu akaandika. Jambo lililonishinda miezi mitatu kwa kweli limemalizika kabla ya adhuhuri kwa uongo. Mwenye tai kaipokea hati kwa mikono miwili. "Unaona, mama? Ungeanza na hili tangu mwanzo." Tena ananicheka kwa upole, kana kwamba mimi ni mtoto aliyejifunza kufunga kamba za viatu.

Sikiliza, Asia. Siku ya malipo nitasimamishwa na nitaulizwa kiapo hiki. Sitajitetea. Nitasema, ndiyo, ni ulimi wangu. Lakini sitasimama peke yangu. Nitawataja. Aliyenyoosha mkono kutafuta rula, nitamtaja. Yule aliyekataa kugeuka kusoma ukuta wake mwenyewe, nitamtaja. Waliolichukua daftari la shule, kitu cha kumtafutia mtoto elimu, wakalifanya kitabu cha kukamatia watoto, nitawataja kwa majina na vyeo. Wamenifundisha uongo wao, nao wasimame nami.

Leonia anakuja na barua hii, na nakala ya hati, na barua ya Mwalimu Thobias kwa wakubwa wa kambi. Mtoke Ijumaa. Kwenye kizuizi cha barabarani wakikuuliza, wewe ni Asia Haruna, Mmanyema, wa Rusimbi. Usiongeze neno. Nilikulea useme kweli, sasa nakwambia kama mama yako: usiseme.

Sare iko tayari, ndoo ipo, jembe lipo, godoro kalitoa Zuleha.

Mwasiti


Shuleni, bweni la wasichana
15 Februari 1998

Mama,

Shikamoo.

Siku mbili nilizokaa nyumbani sikuzungumza na wewe na najua uliumia. Ulinisuka nywele, nikawa nakushikia kitana tu. Nilitaka kusema, maneno yakawa mengi mno kupita mlangoni kwa pamoja. Mama Zuleha nilimwomba radhi, ulikuwa msalani. Akanipiga kofi la mgongo akasema nisome.

Hapa naendelea vizuri. Hisabati naongoza. Ila siku ya kwanza mwalimu wa zamu aliita majina, akaita "Asia Haruna" mara tatu, nikawa namwangalia tu kama wengine, nasubiri huyo Asia aitike. Akadhani nina kiburi. Nimefagia uwanja wiki nzima kwa kutolijua jina langu. Sasa naitika.

Kuna jambo sijakuambia. Siku niliyotoka kambini, Marcelina alinisindikiza mpaka karibu na kizuizi. Akaniuliza, "Mama yako amewezaje?" Nikamwambia kaapa. "Kaapa nini?" Nikatazama kizuizi. Akasema, "Wangu amekufa. Mimi nani ataniapia?" Nikamwachia kanga ya bluu. Usinikasirikie, sikuwa na kitu kingine. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama pale.

Siwezi kusema nimekusamehe. Najaribu. Nakuandikia kwanza, mengine yatafuata.

Mwanao,
Asia


Rusimbi
9 Machi 1998

Mwanangu Asia,

Umeandika "mwanao". Hilo nimelichukua, nimelifunga kwenye pindo la kanga, mengine nitasubiri.

Kanga ya bluu umefanya vema kuitoa. Sasa nikueleze nilichofanya, maana kinawahusu wale wenzako.

Baada ya Idi nilikwenda kwa Shehe Iddi, nikamwambia, "Shehe, nimeapa uongo." Akasema nilete toba, na toba ina sharti, nisirudie. Nikamwambia, "Shehe, wakiniuliza tena kesho, nitaapa tena." Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Basi anza na kafara. Lisha maskini kumi. Toba tutaizungumza Mungu akijalia."

Maskini kumi. Hapa Ujiji ningewapata kabla sijafika sokoni. Lakini nikakumbuka ile barua yako ya kwanza: wasichana kumi na moja, nyuma ya darasa la tano. Ukatoka wewe. Wamebaki kumi. Nani kanipangia hesabu hiyo, wewe unadhani?

Nikapika siku nzima, mimi na Zuleha. Mchele, dagaa, maharage ya mawese, tukafunga kwenye majani na kwenye masufuria. Mvua za mwaka huu hazina adabu, Leonia kalala njiani, lakini kafika. Nilimwapisha, na safari hii kiapo cha kweli: asionje hata chembe, na asimpe mtu mwingine isipokuwa hao kumi. Na kwa kuwa namjua, nikamwambia aniletee majina yao, kila mmoja aliyekula aandike la kwake, ili nijue kafara imetimia.

Jana ameileta karatasi. Anasema walikula bila kusema, kisha wakagombania kalamu. Marcelina ndiye wa kwanza. Ameacha mchumba, anasema atasubiri kidogo. Mwandiko wao mzuri, Asia. Mnyoofu, wa mtu aliyefundishwa na Mwalimu Thobias wa mahali fulani. Hakuna aliyewaambia waandike jina la baba, lakini wote wameandika. Kila mmoja jina lake, na la baba yake, na mahali alipozaliwa: Ilagala, Kagunga, Rusimbi hapa hapa, nyumba ya nne kutoka msikitini.

Nimezisoma zile safu kumi kwa sauti, baada ya sala ya asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyekosea, hakuna hata mmoja aliyeazima jina. Wote wamesema kweli, mwanangu.

Na wote wako huko huko kambini.

Mama yako,
Mwasiti binti Gharib